Kitufe cha kioo, lebo ya ukuta: niliyojifunza kwenye kazi yangu ya kwanza ya 3D

Kazi yangu ya kwanza ya 3D iliyolipwa ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu ambayo hata msingi haujachimbwa. Mteja alitaka wanunuzi waizunguke kwa kidole kwenye simu. Nyumba yenyewe nikaimaliza kwa wiki mbili. Vile vitufe vinne vya chini na lebo za vyumba, kama "Sebule", "Jiko" na "Choo", ndivyo vilivyonila mwezi mzima.

Nilianza kwa kuvitia vitufe ndani ya nyumba. Nilitengeneza vibao bapa, nikavipaka picha ya kitufe, nikavifunga mbele ya kamera, yaani jicho la mtazamaji ndani ya 3D, viende nayo. Mezani kwangu vilipendeza. Mteja akasogea karibu na ukuta, vitufe vikazama ukutani.

Panda daladala ukae mbele. Kibandiko kilicho kwenye kioo hakikui wala hakipungui gari likienda, ila bango la barabarani hukua kadiri unavyolikaribia. Kabla hujaandika mstari wowote wa msimbo, amua kila kitu chako ni cha kioo au cha barabara. Kitufe cha "Rudi" ni cha kioo. Namba ya mlango ni ya barabara.

Vya kioo, kama unafanya kazi kwenye kivinjari, viandike kwa HTML ya kawaida (lugha ya kurasa za wavuti) juu ya kanvasi, lile eneo la ukurasa ambamo 3D inachorwa. Herufi zinatoka kali, na asiyeona anayetumia kisoma-skrini, programu inayosoma maandishi kwa sauti, naye hajaachwa nje. Mtego ni mmoja: kile kisanduku kinachobeba vitufe kikifunika skrini nzima, kinameza kila mguso. Nilipoteza siku nzima nikidhani kamera imeharibika. Kwenye CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa) kisanduku kipe `pointer-events: none` ili mguso ukipite, kisha kila kitufe kirudishie `auto`.

Ukitaka yote yachorwe na GPU (kichakataji cha picha), chora mara mbili: kwanza nyumba kwa kamera ya kawaida, halafu futa kumbukumbu ya kina (inayotunza kila pikseli iko mbali kiasi gani na kamera), kisha vitufe kwa kamera isiyo na mtazamo wa mbali na karibu, ambayo kitu chake hakipungui kikiwa mbali. Kwenye three.js, maktaba ya JavaScript ya kuchora 3D kwenye kivinjari, zima `autoClear`, la sivyo mchoro wa pili utafuta wa kwanza, na baina ya michoro hiyo miwili uite `clearDepth()`. Ukishazima `autoClear`, kusafisha skrini mwanzoni mwa kila fremu (kila picha mpya ya skrini) ni kazi yako.

Lebo ndizo zenye kesi, kwa sababu zinaishi pande zote mbili. Mahali pake ni ukutani, maandishi yake ni ya kioo. Unachukua nakala ya nukta ya 3D iliyo jikoni, unaipitisha kwenye `project(camera)` ya three.js, inayokokotoa nukta hiyo inaangukia wapi kwenye skrini, unapata namba kati ya -1 na 1 kwa kila kilicho ndani ya skrini, kisha unazigeuza kuwa pikseli. Kumbuka kupindua y, maana kwenye 3D inapanda juu na kwenye ukurasa inashuka chini.

Hapo niliumia mara tatu. Nilizidisha kwa upana wa kanvasi kwa pikseli halisi za simu badala ya upana wake kwa pikseli za ukurasa, na kwenye simu yenye pikseli 1080 ambayo kivinjari kinaihesabu kuwa 360, lebo zilikimbilia nje ya skrini. Halafu "Jiko" likawa linatokea mbele yangu ilhali jiko lipo mgongoni. Dawa ni kuificha lebo kila z, ile namba ya kina inayotoka kwenye `project`, inapozidi 1. La tatu ni mtetemo: nilikuwa nakokotoa kabla kamera haijasasishwa, kwa hiyo lebo zilichelewa fremu moja. Sasa nakokotoa baada ya kuchora, na nazisogeza kwa `transform` ya CSS, si kwa `left` na `top`.

Kuna na kuta. Lebo ya HTML haijui kama ukuta umeikinga, kwa hiyo narusha mwale kutoka kwenye kamera hadi kwenye nukta ya lebo. Mwale ukigonga kitu kingine kwanza, lebo inafifia. Si kila fremu, simu za bei nafuu zitachemka. Mara chache kwa sekunde zinatosha, jicho halioni tofauti.

Na usiandike herufi nyeupe tupu. Ukuta mweupe utapita nyuma yake tu, siku moja. Weka kivuli cheusi kinachopenyeza kidogo nyuma ya maneno, halafu toka na simu juani saa saba mchana uone kama lebo inasomeka.

Kwenye skrini ndogo naonyesha lebo tatu tu zilizo karibu na kamera, zisirundikane. Mara nyingi iliyokuwa ikitupwa nje ni "Choo". Mteja akaomba irudishwe na ibaki siku zote, kwa sababu ndicho chumba wanunuzi wake wanachoulizia kwanza.