Muhuri unaotoa mabaka kwenye kadi
Pole ndugu yangu. Unasema maua unayogonga kwa muhuri kwenye kadi unazotengeneza yanatoka na mabaka, na meza imejaa hadi huna pa kukunjia kadi. Nianze na muhuri, maana hapo ndipo kadi nyingi huharibikia. Usiukandamize kwenye pedi ya wino. Gusagusa kidogo kidogo mpaka mistari yote ing'ae. Tandika karatasi chache chini ya kadi, bonyeza bila kuyumbisha, kisha inua moja kwa moja juu. Futa muhuri kwa kitambaa chenye unyevu kabla wino haujakauka, hasa kwenye vijishimo vya petali. Mezani bakiza mkasi, rula na gundi tu. Vingine viingie kwenye boksi. Na kabla ya kukunja karatasi ngumu, pitisha kitu butu kando ya rula, la sivyo mkunjo unaweza kuchanika.