Mashua ya tanga ya mita 6: injini ya HP ngapi?

Kaka, kwa mashua ya tanga ya mita 6, HP 15 uliyoulizia ni nyingi mno. HP 5 au 6 inatosha kutoka na kuingia Ghuba ya Mikindani. Ukizidisha, unabebesha tezi, yaani nyuma ya mashua, uzito wa bure. Cha muhimu ni shafti ndefu, ile ya inchi 20. Kusi likivuma na wimbi likainua tezi, propela ya shafti fupi inatoka majini na injini inalia tu bila kusukuma.

Chagua pia mkuku (ule uti wa chini ya mashua) wa kupandisha, tafadhali. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yakitoka mkuku usiopanda utailaza mashua ubavu, na kuipakia kwenye trela ni mateso. Ongeza tanga linalopunguzika mara mbili, yaani unalikunja kwa hatua mbili upepo ukizidi.