Maswali na Majibu: Athi ya Gari

Fundi, nikikanyaga breki usiku, indiketa ya nyuma kushoto nayo inawaka hafifu. Nimebadilisha balbu, bado. (Tanga)

Balbu umeionea. Taa za upande ule hurudishia umeme kwenye waya mmoja wa athi, yaani waya unaourudisha umeme betri kupitia chuma cha gari, na waya huo umelegea au umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi betri, hupenya kwenye balbu ya jirani. Fungua boliti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Kwa chumvi ya huko pwani, grisi usiiruke.

Stata inazunguka kwa uzito na betri ni mpya. Nimepima waya wa athi kwa omu, mita inasoma sifuri. Basi athi ni nzima?

Si lazima, na hapa ndipo wengi hununua stata bure. Mita ikipima omu, yaani ukinzani wa waya dhidi ya umeme, hupitisha umeme kidogo mno. Hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili utaupitisha. Stata huvuta ampea 100 na zaidi. Kwa ampea 150, ukinzani wa omu 0.01, ambao mita ya bei rahisi haiuoni, hula volti 1.5.

Pima umeme ukiwa kazini. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse kichwa hasi cha betri chenyewe, si taminali iliyokibana. Nyekundu iguse chuma kisafi cha injini. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili gari lisiwake, kisha mtu apige stata. Chini ya volti 0.2, athi ni nzuri. Ikifika 0.5, tatizo umelipata, bado kujua liko wapi: rudisha ncha nyekundu hatua kwa hatua kuelekea betri, stata ikipigwa kila mara. Pale namba inaposhuka ghafla, kosa liko kati ya hapo na ulipotoka kupima.

Na kwa taa?

Ziwashe kwanza. Namba kwenye mita isivuke volti 0.1.

Sina mita.

Chukua waya wa kubusti, mmoja tu. Bana kichwa hasi cha betri na chuma cha injini. Stata ikichangamka, mkosaji ni athi.

Nikipiga stata, kebo ya aksileta inapata moto!

Acha kupiga stata sasa hivi. Waya wa athi wa injini umekatika, na umeme wa stata unarudi kupitia kebo hiyo. Funga waya mpya mnene kabla hujaunguza kebo.