Barafu ya gilasi na maji ya bahari

SWALI: Assalaam alaikum. Mwanangu katia vipande vya barafu kwenye gilasi, akajaza maji hadi ukingoni. Barafu yote ikayeyuka, hata tone halikumwagika. Sasa anadai habari za bahari kupanda ni uzushi. Kweli?
– Msomaji, Micheweni, Pemba

JIBU: Waalaikum salaam. Jaribio ni sahihi, hitimisho ndilo lililokwenda mrama. Barafu inayoelea huzama karibu sehemu 9 kati ya 10. Ikiyeyuka, maji yake hutosha nafasi ileile iliyokuwa imeikalia ndani ya maji. Kwa hiyo anayesema barafu inayoelea Aktiki ndiyo itakayotuzamisha naye anakosea.

Mwambie arudie. Ajaze gilasi maji matupu hadi ukingoni, aweke chujio juu, barafu ikae kwenye chujio bila kugusa maji. Hapo yatamwagika. (Jasho la nje ya gilasi asilihesabu, ni unyevu wa hewa.) Ndiyo barafu ya nchi kavu hiyo, ya Greenland na Antaktika. Tena maji yenyewe ya bahari hutanuka yakipata joto.

Lakini nasi tusitie chumvi. Bahari ya dunia imepanda kama sentimita 20 tangu 1900, na sasa huongezeka milimita 4 hadi 5 kwa mwaka. Bamvu la Pemba (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3 kwa siku moja! Picha ya maji mlangoni siku ya bamvu haithibitishi kitu. Linganisha bamvu na bamvu, kwa alama ileile, miaka mingi. Na ufuo ukiliwa, tazama kwanza kama mikoko imekatwa au mchanga umechotwa.