Intaneti kwa herufi kubwa au ndogo?

SWALI: Nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya, na wanafunzi wa vyuo huniletea ripoti za mafunzo kwa vitendo niwachapie. Mmoja ameandika "Intaneti", mwingine "intaneti", mwingine "Barua-Pepe", na kila msimamizi anasahihisha kivyake. Tushike lipi? Na mbona vitabu vya zamani vimejaa herufi kubwa?

JIBU: Andika intaneti, tovuti, mtandao na barua pepe kwa herufi ndogo. Herufi kubwa itokee pale tu neno linapoanza sentensi, au linapokuwa sehemu ya jina rasmi la taasisi.

Ile herufi kubwa unayoiona vitabuni ilitoka kwenye Kiingereza. Wahandisi wa mwanzo walikuwa na maana mbili: "internet" kwa herufi ndogo ni mtandao wowote unaounganisha mitandao mingine, na "Internet" kwa herufi kubwa ni ule mmoja ulioenea dunia nzima. Kwa kuwa ulikuwa mmoja, ukaandikwa kama jina la pekee. Watu walipouzoea, herufi ikaanza kushuka. Jarida la Wired liliishusha mwaka 2004. Shirika la habari la Associated Press, ambalo mwongozo wake hufuatwa na vyumba vingi vya habari Marekani, lilisubiri hadi Juni 2016. Kabla ya hapo lilikuwa limeunganisha "Web site" kuwa "website" mwaka 2010 na kuondoa kistari cha "e-mail" mwaka 2011. Kwa hiyo msimamizi aliyesomea vitabu vya miaka ya 1990 na anayesisitiza herufi kubwa anafuata sheria iliyokuwepo kweli. Imepitwa tu, tena ilikuwa ya lugha nyingine.

Kwa Kiswahili huhitaji kusubiri mwongozo wa Marekani. Jiulize neno linataja kitu au linataja mwenye jina. Umeme ni kitu, TANESCO ni jina. Hakuna anayeandika "Umeme umekatika" kwa herufi kubwa katikati ya sentensi eti kwa sababu gridi ya taifa ni moja. Intaneti nayo ni hivyo hivyo. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kulimilikisha neno au kulihesabu: kompyuta zangu tatu, tovuti mbili za chuo, intaneti yenu ya ofisini. Yote yanakubali, basi ni nomino za kawaida. Sasa jaribu "Google zangu tatu". Halikai, na herufi kubwa inabaki.

"Barua-Pepe" ya huyo mwanafunzi ina makosa mawili. Kistari hakina kazi pale. Kimerithiwa kutoka "e-mail", na wenyewe wameshakitupa. P kubwa nadhani imetoka kwenye vichwa vya barua za ofisi, ambako "Simu", "Barua Pepe" na "Tovuti" hupangwa mstari kwa mstari na kila mstari huanza kwa herufi kubwa. Mtu akizoea kuyaona hapo, anayahamisha na herufi zake hadi katikati ya aya. Hata kwenye kichwa cha barua inatosha "Barua pepe:", B peke yake.

Vifupisho vina njia yake, na hapa ndipo wasimamizi hugombana zaidi. Sikiliza kinavyotamkwa. Kinachosomwa herufi moja moja, kama SMS, ATM au USB, hubaki na herufi kubwa zote. Kinachosomwa kama neno huwa kinashuka taratibu. RADAR kilibuniwa na Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1940 kikiwa kifupisho. Kilipofika kwetu kilikuwa tayari neno, ndiyo maana tunaandika rada ya uwanja wa ndege wa Songwe bila kuwaza kirefu chake. UKIMWI kimepita njia hiyo hiyo hadi Ukimwi, na wengi sasa wanaandika ukimwi. TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) bado iko njiani: serikali huandika TEHAMA, baadhi ya magazeti Tehama. Kwenye ripoti ya chuo ningebaki na TEHAMA, kwa sababu ndivyo inavyoandikwa kwenye nyaraka ambazo mwanafunzi atazinukuu, na Tume ya TEHAMA ni jina rasmi ambalo huna ruhusa ya kulibadili.

Ruhusa hiyo huna pia kwa majina ya biashara. M-Pesa ina kistari na P kubwa, iPhone ina i ndogo. Sentensi ikitaka kuanza na iPhone, igeuze: "Simu za iPhone zilitumika kupigia picha." Hilo pia linakuepusha na "ma-iPhone". Wi-Fi iandike hivyo au andika waifai, lakini "WIFI" kwa herufi kubwa zote si kifupisho cha chochote.

Tahajia nayo huhama. Redio ndiyo ya kamusi, ingawa kituo kiliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam na jina lake libaki hivyo. Runinga na luninga zote zimo magazetini. Kamusi inakupa runinga. Wapo wanaodhani luninga ni lafudhi ya Kinyakyusa au Kihehe iliyopenya kwenye maandishi. Si haki, maana hata waandishi wa Pwani wanaiandika. Chagua moja kwa ripoti nzima.

Sasa kazi yenyewe kwenye Word. Kwanza weka lugha ya ukaguzi kuwa Kiswahili kabla ya kuchapa, la sivyo kompyuta itakagua kwa Kiingereza na kupiga mstari mwekundu kila mahali. Kisha zima ile huduma ya kukuza herufi ya kwanza ya sentensi, kwa sababu ikiona nukta ya "k.m." inadhani sentensi imeisha na kukuandikia "k.m. Intaneti". Makosa mengi unayomlaumu mwanafunzi yanatoka hapo.

Kwa faili lililokwisha kuchapwa, bonyeza Ctrl na H, weka alama kwenye Match case ili Word itofautishe herufi kubwa na ndogo, tafuta "Intaneti" na uweke "intaneti". Usibonyeze Replace All. Pita moja moja, maana Replace All itashusha hata zile zinazoanza sentensi na zilizo kwenye vichwa vya sura. Ukitafuta "Mtandao", kumbuka haitakuletea "Mitandao"; wingi utafute peke yake. Anwani za tovuti usiziguse: jina la kikoa, kama google.com, halijali herufi kubwa wala ndogo, lakini kinachofuata baada ya mkwaju (/) kinaweza kujali, na kiungo kikafa kwa herufi moja uliyoishusha kwa nia njema.