Saa tisa usiku baada ya bia nne

Wengi tunaokunywa jioni tunasema tunatoa uchovu. Kazi imechosha, foleni imechosha, basi bia mbili tatu ili mwili ulale vizuri. Mimi nafanya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka mingi njia yangu ya kurudi nyumbani ilipitia baa. Ninachotaka kuwaambia wenzangu ni hiki: sehemu kubwa ya uchovu tunaoenda kuutoa leo imeletwa na bia za jana.

Tuanze na usiku. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye kilevi asilimia 5, ina takribani gramu 20 za kilevi. Ini la mtu mzima husafisha kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halikimbizwi: si kwa kahawa, si kwa supu, si kwa kuoga maji ya baridi. Piga hesabu. Aliyeanza saa moja jioni akanywa chupa nne, ini lake liko kazini hadi kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Yeye kalala, ini linakesha.

Na saa tisa hiyohiyo ndiyo wengi wetu tunashtuka, koo limekauka, moyo unadunda kama vile kuna aliyegonga mlango. Hapo hakuna uchawi. Pombe huipa nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo hutuliza, na huibana glutameti, ambayo huchangamsha. Ubongo nao hujibu mapigo kwa kuvuta upande wa pili. Pombe inapopungua kwenye damu, kile kilichokuwa kikituliza kinaondoka na msisimko unabaki peke yake. Ongeza na maji: pombe huizuia homoni inayoiamuru figo ibakize maji, ndiyo maana safari za chooni haziishi. Halafu ule usingizi wa ndoto, unaosaidia kutuliza hisia za siku nzima, hubanwa saa za mwanzo za usiku, na kuanzia usiku wa manane usingizi wenyewe unakatikakatika. Mtu amekaa kitandani kwa muda wa saa nane, anaamka kama aliyelala saa tatu tu.

Niliamini haya nilipoanza kuyaandika. Kila asubuhi, kabla ya kushika simu, niliandika kwenye daftari mambo matatu: nimeshtuka saa ngapi usiku, mwili ukoje, moyo ukoje. Nilitegemea Jumapili ndiyo iwe mbaya. Kumbe Jumapili mwili ulikuwa mzito tu. Moyo ulianguka Jumatatu. Naikumbuka Jumatatu moja ambayo bosi alinitumia ujumbe wa maneno mawili, "Njoo ofisini", nikakaa na ile simu mkononi nikiwa na hakika nafukuzwa kazi. Alitaka risiti za saruji. Woga wa namna ile ulikuwa umenizoea kiasi kwamba niliuhesabu kuwa ndiyo tabia yangu, kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilipopitisha wiki kadhaa bila pombe, Jumatatu zikawa siku kama siku nyingine.

Ndiyo maana mtu akiniambia anakunywa kwa sababu ya mawazo, simbishii, maana mawazo yapo kweli: ada, kodi ya nyumba, mgonjwa kijijini. Namwomba ajaribu kuyaangalia mawazo hayohayo bila pombe kwa muda wa kutosha, ajue yapi ni ya maisha na yapi ni ya chupa. Ila ajiandae. Usiku wa mwanzo mwanzo usingizi huwa mgumu na ndoto huwa nyingi na kali, kwa kuwa ubongo unajilipa deni la ndoto. Wengi wanarudi baa hapo hapo wakisema, "Mimi bila bia silali." Vumilia, huwa inapita.

Kuzimua asubuhi, yaani kunywa tena kidogo ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana, kusikudanganye. Unapata nafuu kwa sababu umeahirisha maumivu, na mwili unajifunza kuidai pombe mapema zaidi. Kuchanganya pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu ni hatari ya aina nyingine: kafeini inakuficha usingizi, ulevi uko palepale, na unakunywa kuliko ulivyokusudia. Vidonge vya usingizi pamoja na pombe, usithubutu kabisa, vinaweza kukukata pumzi. Na kama unakunywa, kula kwanza. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari, na tumbo tupu ndilo linaloleta kutetemeka na kizunguzungu.

Kigumu kuliko vyote ni marafiki. Kwenye baa zetu mtu anakununulia kwa mapenzi, unageuka unakuta chupa tatu zimepangwa mbele yako na mhudumu ameshaifungua moja. Kukataa kunaonekana dharau. Kilichonisaidia ni kuongea na mhudumu mapema, kabla meza haijajaa: "Dada, zangu usizifungue, ziache kaunta, mimi niletee maji makubwa." Aliyenunua ameheshimiwa, nami sijanywa. Wapo waliokasirika. Wengine baadaye waliniuliza pembeni nimewezaje.

Sasa wewe unayekunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea kiasi hicho, ukinyimwa ghafla, unaweza kupata degedege, au baada ya siku mbili tatu kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na watu hufa kwa hilo. Nenda hospitali. Najua wengi wanaogopa kusikia "afya ya akili" kwa kuwa wanafikiria Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, lakini hali hii inatibika kwa dawa za muda mfupi na vitamini B1 chini ya uangalizi. Mwambie daktari idadi ya kweli ya chupa na saa uliyokunywa ya mwisho, maana dozi yako anaipanga kwa hayo, na nenda na ndugu wa kukaa nawe siku za mwanzo.