Utulivu wa Dar es Salaam Uko Posta, Jumapili Asubuhi

Kwa miaka mingi, kila mgeni aliponiomba nimwoneshe upande mtulivu wa Dar es Salaam, nilimpeleka mbali: visiwa vya Mbudya na Bongoyo au misitu ya Pugu. Sikukuu moja tulisubiri boti hadi jua likatufikia utosini, na tulipofika kisiwani tukakuta muziki mkubwa kuliko ule tulioukimbia Sinza. Tangu hapo ushauri wangu umebadilika: nenda Posta, katikati ya mji, siku ya Jumapili, ufike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha utembee kwa miguu.

Anzia Boma la Kale, kando ya bandari. Jengo hilo la mawe ya matumbawe lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, wakati Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa akianzisha mji wa bandari jirani na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 na ujenzi ukadorora, hivyo kilichobaki cha enzi yake ni kidogo mno, na ndiyo sababu nakusihi usilipite Boma kwa haraka: angalia unene wa kuta na nakshi za mlango, maana siku za kazi watu huzipita kila dakika bila kugeuza shingo. Jirani yake liko Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Ukiwahi misa ya kwanza, utaisikia kwaya ukiwa barabarani.

Usinywe chai nyumbani. Fuata barabara ya ufukweni, upite Azania Front, hadi soko la samaki la Feri. Hapo utulivu utakatika kwa muda, kwa sababu mnada hauijui Jumapili, lakini sijapata kula samaki mtamu kuliko wa pale. Chagua mwenyewe changu au vibua, uwape waparuaji wakusafishie, kisha upeleke kwenye makarai ya mafuta ukaangiwe na kuletewa ndimu, chumvi na pilipili. Elewaneni bei kabla samaki hajaguswa na kisu. Mimi niliwahi kunyamaza kwa aibu, nikalipia kuparua na kukaanga karibu sawa na samaki mwenyewe. Vaa viatu visivyoogopa maji, na uwe na noti ndogondogo.

Ukishashiba, rudi upande wa Mtaa wa Shaaban Robert. Njiani utakuwa karibu na Ikulu, kwa hiyo simu ya kupigia picha ikae mfukoni. Bustani ya Mimea iliyopo hapo ilianzishwa mwaka 1893 na Wajerumani kwa ajili ya kujaribu mazao waliyotaka kuyauza, nami huona ajabu kwamba shamba la majaribio la wakoloni ndilo limetubakizia kivuli kizuri kuliko vyote vya katikati ya mji. Kaa chini ya mti kwa saa nzima, usikilize ndege, na usione haya kusinzia. Mkrismasi ukichanua mwezi Desemba, utasahau kwamba Barabara ya Samora iko hapo nje.

Makumbusho ya Taifa yako jirani, na kwa kuwa hayafunguliwi mapema, bustani ndiyo mahali pa kusubiria. Yalifunguliwa mwaka 1940. Wengi huingia kwa ajili ya habari za Zinjanthropus, fuvu la zamadamu lililogunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na wanastahili kufanya hivyo. Mimi hukaa zaidi mbele ya kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, ambapo wageni wengi hupunguza sauti bila kuambiwa. Ukitoka saa sita jua litakuwa kali, hivyo usijaribu kuongeza Kariakoo siku hiyohiyo. Tembea taratibu hadi Posta ya Zamani, upande daladala la kwenu ungali na nguvu.